Wenye Mali Wanaomba Reli. Mjenzi Aombe Nini?

Kila mwaka Bajeti inapokaribia, vyama vya waajiri na wafanyabiashara wa nchi yetu hupeleka maombi yao Serikalini. Hatuwalaumu kwa jambo hilo. Kuomba ni haki ya kila raia, na mwenye kiwanda ni raia kama alivyo mwenye jembe. Tena wenzetu hao wamejipanga vizuri. Kiko Chama cha Waajiri (ATE), ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Liko Shirikisho la Wenye Viwanda (CTI) la mwaka 1991. Iko Taasisi ya Sekta Binafsi (TPSF) ya mwaka 1998. Na tangu mwaka 2001 liko Baraza la Taifa la Biashara, ambalo mwenyekiti wake ni Rais wa nchi mwenyewe. Kibarua anayechanganya zege huko Kilosa hana meza ya namna hiyo ya kukalia.

Ukiyasoma maombi yao ya miaka hii utaona kuwa mengi yaangukia mafungu mawili. Fungu la kwanza ni nchi ijengwe: reli ifike, bandari ipanuliwe, barabara zisizibwe na mvua, umeme usikatike. Fungu la pili ni sheria za kazi zilegezwe: tozo zipunguzwe, mikataba ya muda mfupi iruhusiwe kwa watu wengi zaidi, na kumwachisha mtu kazi kuwe rahisi kuliko kulivyo.

Fungu la kwanza twaliunga mkono kwa mikono miwili. Fungu la pili twataka kulijadili, maana ndani yake mna haki na mna hila. Lakini lililotufanya tushike kalamu leo ni kwamba mafungu haya huletwa Serikalini kana kwamba hayajuani. Sisi twasema yanajuana sana. Reli hujengwa na watu. Fedha ya reli hutoka kwa watu. Atakaye nchi imjengee reli kwa fedha ya wote, na akubali sheria inayomlinda yule anayeijenga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

RELI YA KALE NA KIPANDE

Wazee wetu walijua habari hii kwa migongo yao. Wadachi walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893. Ile ya kutoka Dar es Salaam waliianza mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Wenye mashamba makubwa ya Usambara waliifurahia reli, wakataka pia watu wa kufanya kazi kwa ujira mdogo. Serikali ya Kidachi ikawasikiliza. Mwaka 1907 ukaanzishwa huko mpango wa kadi: kila mwanamume alipaswa kutimiza siku 30 za kazi kwa mzungu mwenye shamba katika kila miezi minne, na asiyetimiza aliweza kupelekwa kufanya kazi za serikali. Hapo mwaona wenyewe. Ombi la njia na ombi la sheria ya kazi yalikwenda kwa serikali ileile, kutoka kwa watu walewale.

Walipokuja Waingereza hawakuifuta akili hiyo. Sheria yao ya mwaka 1923 juu ya mabwana na watumishi wenyeji ilimfanya mfanyakazi anayekimbia kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa mkosaji wa kupelekwa mahakamani, kama mwizi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda ofisi yao ya kukusanya watu, ikajulikana kwa jina la SILABU. Watu wa Uha, wa Ubena na wa Ungoni walipakiwa malori na garimoshi, wakapewa namba, wakapelekwa mikongeni. Hao ndio walioitwa manamba. Reli iliyopeleka mkonge bandarini ndiyo iliyowaleta manamba mashambani.

Na watu walipochoka, habari zao pia zilisafiri kwa reli. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma Septemba 1947, na mgomo ukapanda njia ya reli kutoka stesheni hata stesheni mpaka bara. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na katibu wake mkuu akawa Ndugu Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Watu hawa hawakuichukia reli. Walikuwa wakisema kwamba reli isiyomjali mtu wake ni mali ya mgeni hata ikipita katika shamba la babu yako.

Ndiyo sababu Serikali ya wananchi iliposhika madaraka, sheria za kazi zilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuguswa. Mwaka 1964 ilitungwa Sheria ya Usalama wa Kazi, iliyomzuia tajiri kumfukuza mtu kwa sababu tu ameamka na hasira, ikaweka kamati za wafanyakazi mahali pa kazi. Ni kweli pia, wala hatufichi, kwamba mwaka huohuo vyama vya wafanyakazi vilifungwa vikawa chama kimoja cha NUTA, na sauti yao mbele ya Serikali ikapungua. Jambo hilo lina funzo lake: sheria njema iliyotoka juu hudumu ikiwa chini kuna watu wenye sauti ya kuidai.

TUSEME KWELI JUU YA WAAJIRI

Chama chetu hakina ugomvi na mfanyabiashara. Nchi isiyo na viwanda ni nchi ya kununua sindano kwa watu. Mwenye kiwanda anayesema umeme ukikatika saa tatu mitambo yake huharibika, asema kweli. Anayesema kwamba huzungushwa ofisi saba kwa kibali kimoja, asema kweli. Serikali yenyewe ilikiri hayo mwaka 2018, ilipopitisha mpango wa kuboresha mazingira ya biashara. Na mwenye duka la watu watano anayebanwa na tozo sawa na kampuni ya watu mia tano, naye ana haki ya kulalamika. Mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa ili tozo ya kuendeleza ujuzi imhusu mwajiri mwenye watu 10 au zaidi, badala ya wanne, lilikuwa jambo jema, nasi twalisifu.

Lakini yafaa wananchi wajue kwamba wenzetu hawa wamekwisha kusikilizwa sana. Tozo hiyo ya kuendeleza ujuzi, ambayo sehemu yake husomesha vijana wetu ufundi katika vyuo vya VETA, ilikuwa asilimia 6 ya mishahara. Mwaka 2013 ikashushwa kuwa 5. Mwaka 2016 ikawa 4.5. Kisha ikawa 4. Mwaka 2023 ikawa 3.5. Kadhalika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule unaomlipa mtu aliyekatwa mkono na mashine. Mwajiri wa sekta binafsi alianza kuuchangia asilimia 1 ya mishahara mwaka 2015. Mwaka 2021 mchango huo ukawa 0.6, na mwaka 2022 ukawa 0.5.

Tupige hesabu nyepesi, hata mtoto wa shule aweza kuifuata. Chukua kampuni yenye wafanyakazi 100, kila mmoja akipata shilingi 500,000 kwa mwezi. Mishahara yote ni shilingi milioni 50. Kwa tozo ya zamani ya asilimia 6 kampuni hiyo ililipa milioni 3 kila mwezi. Kwa asilimia 3.5 hulipa 1,750,000. Hapo imebaki mfukoni 1,250,000 kwa mwezi, yaani milioni 15 kwa mwaka. Ongeza nafuu ya Mfuko wa Fidia, ambayo ni 250,000 kwa mwezi, yaani milioni 3 kwa mwaka. Jumla ni shilingi milioni 18 kwa mwaka mmoja kwa kampuni moja.

Nafuu hiyo ilitolewa kwa ahadi kwamba waajiri wataajiri watu zaidi na kuwalipa vizuri. Je, imefanya hivyo? Pengine kwa baadhi imefanya, na hao twawapongeza. Lakini hatujaona nafuu hizi zikitolewa kwa sharti lolote. Mkulima akikopeshwa mbolea huandikwa jina lake na magunia yake. Mwajiri akipunguziwa tozo haulizwi hata idadi ya watu aliowaongeza. Twasema aulizwe. Milioni 18 zikigawanywa kwa watu 100 ni shilingi 15,000 kwa kila mtu kwa kila mwezi. Mwenye nyumba ya kupanga Mbagala ajua shilingi 15,000 ni nini.

UA WA MIEZI SITA

Sasa tuje kwenye lile linaloombwa zaidi: mikataba. Hapa twaomba kila mwanachama asome polepole, maana ndipo wengi wetu tunapoumia bila kujua tumeumizwa na nini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni sheria nzuri kwa mengi. Iliweka saa 45 za kazi kwa juma. Saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Likizo ya mwaka iwe siku 28. Mama aliyejifungua apate siku 84, na aliyezaa pacha siku 100. Mtu asiachishwe kazi bila sababu ya haki na bila utaratibu wa haki. Anayeachishwa baada ya kutumikia mwaka mmoja mfululizo au zaidi apewe kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka alioutimiza, mpaka miaka 10.

Lakini sheria hiyo ina ua uliozungushiwa haki hizo, na mlango wa ua huo ni miezi sita. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kulalamika kwamba ameachishwa isivyo haki, kwa kuwa sura hiyo ya sheria haimhusu. Na kiinua mgongo, kama tulivyosema, chataka miezi 12 mfululizo. Nia ya watunga sheria ilikuwa ya kueleweka: tajiri apate muda wa kumpima mtu mpya. Nani angekataa hilo?

Basi tumtazame kijana mmoja, tuseme wa Kilosa, aliyeandikwa kazi katika kambi ya ujenzi. Hupewa mkataba wa miezi mitano. Ukiisha, huambiwa akapumzike majuma mawili. Akirudi hupewa mkataba mwingine wa miezi mitano, kazi ileile, mnyapara yuleyule, koleo lilelile. Mwaka wa pili huambiwa kwamba kampuni ndogo iliyomwandika imemaliza, sasa ataandikwa na nyingine, ingawa kambi haikuhama hata hatua moja. Mwaka wa tatu huambiwa kazi imekwisha. Akiuliza kiinua mgongo, huonyeshwa karatasi: wewe ni mtu wa miezi mitano. Akisema ameonewa, huambiwa sheria haimhusu. Miaka mitatu ya jasho imekatwakatwa kama muwa, na kila kipande ni kifupi mno kuweza kuitwa kazi.

Twajua watu wema watasema kwamba huu ni ujanja wa makampuni machache. Huenda. Lakini mlango ukiachwa wazi hauchagui mwizi. Ndiyo maana tulikuwa na shaka Bunge lilipopitisha marekebisho ya sheria za kazi mwanzoni mwa mwaka 2025. Katika marekebisho hayo mlikuwa na mema, na jema kubwa lilikuwa kumfikiria mama aliyejifungua mtoto njiti, ili likizo yake isimalizike mtoto angali hospitali. Twashukuru kwa moyo wote. Lakini humohumo mkataba wa muda maalumu, ambao sheria ya 2004 ilikuwa imeutengea mabwana wasomi na mameneja, ulifunguliwa kwa kazi nyingine, zikiwemo kazi za mradi wenye muda wake.

Mradi wenye muda wake! Hebu tuutazame muda wenyewe. Mkataba wa kujenga reli mpya ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ulitiwa sahihi Februari 2017. Abiria wa kwanza wa kulipa nauli walipanda Juni 2024. Hiyo ni miaka 7. Mkataba wa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulitiwa sahihi Desemba 2018, na mtambo wa kwanza kati ya mitambo 9 ukaanza kupeleka umeme katika gridi ya taifa Februari 2024. Hiyo ni miaka zaidi ya 5. Mtu aliyetumikia miaka 7 katika mradi mmoja, kama angehesabiwa kuwa mtu mmoja katika kazi moja, kiinua mgongo chake kingekuwa mshahara wa siku 49. Si utajiri. Ni bati za nyumba, au ada ya mtoto. Lakini ni haki yake, na haki haipimwi kwa ukubwa wa bahasha.

Twataka nini basi? Twataka jambo dogo sana. Siku za mtu zihesabiwe pamoja. Kama amefanya kazi kwa mwajiri yuleyule, au katika mradi uleule chini ya mkandarasi mkuu yuleyule, vipande vyake vyote viungwe viwe kitu kimoja. Wala hili si jambo la kubuni. Sheria yenyewe ya 2004 imekwisha kuonyesha njia kwa upande wa likizo. Humo imeandikwa kwamba mtu aliyeajiriwa zaidi ya mara moja katika mwaka na mwajiri mmoja, ikiwa jumla ya muda wake yapita miezi sita, ana haki ya likizo yenye malipo. Kama siku zaweza kuunganishwa kwa ajili ya likizo, kuna dhambi gani kuziunganisha kwa ajili ya kiinua mgongo na kwa ajili ya kujitetea anapoachishwa?

AHADI TULIYOITOA MWAKA 1962

Watu wengine watauliza: je, Serikali ina nguvu gani juu ya kampuni ya ujenzi, hasa iliyotoka ng'ambo? Sisi twajibu: ina nguvu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayolipa.

Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani lilitunga mkataba namba 94, unaohusu masharti ya kazi katika kandarasi za serikali. Nchi yetu iliuridhia mwaka 1962, wino wa Uhuru ukiwa bado mbichi. Maneno yake kwa kifupi ni haya. Serikali inapotoa kandarasi kwa fedha ya umma, ndani ya kandarasi hiyo iandikwe kwamba wafanyakazi watalipwa mishahara na kupewa saa na masharti yasiyopungua yale ya kazi kama hiyo mahali hapo. Masharti hayo yawafuate na makandarasi wadogo wanaopewa vipande vya kazi. Mkandarasi anayevunja masharti aweza kunyimwa kandarasi nyingine. Na zaidi ya hayo, fedha yake yaweza kuzuiwa ili wafanyakazi wapate mishahara yao kwanza.

Twarudia: fedha yake yaweza kuzuiwa ili wafanyakazi walipwe kwanza. Mambo ya kambini yangekuwaje leo kama sharti hili moja lingetimizwa katika kila kilomita ya reli? Mkandarasi anapopeleka hati ya madai Serikalini, huambatanisha vipimo vya zege, vyeti vya chuma na picha za kazi. Kwa nini asiambatanishe pia karatasi iliyotiwa sahihi na wawakilishi wa wafanyakazi, yenye kusema mishahara ya mwezi huu imelipwa, na ya makandarasi wadogo pia? Zege likiwa bovu Serikali hailipi. Mshahara usipolipwa, mbona hulipa?

Waliotoa ahadi ile mwaka 1962 hawakuwa na reli ya umeme wala bwawa la megawati 2,115. Walikuwa na nchi maskini na hazina nyepesi. Hata hivyo waliona kwamba fedha ya wananchi isitumiwe kumnyonya mwananchi. Sisi tulio na miradi mikubwa kuliko ndoto zao hatuna udhuru wa kuwa wadogo kuliko wao.

MAJIBU YAO NA MAJIBU YETU

Hapana shaka tutaambiwa kwamba masharti kama haya yatawafukuza wawekezaji. Neno hili twalisikia kila mara, na limekuwa kama mbwa wa kutishia watoto. Mwekezaji huja kwa ajili ya umeme wa hakika, bandari isiyochelewesha meli, njia ya kufikisha mzigo, amani, na mahakama isiyonunuliwa. Mambo hayo yote wananchi ndio waliomjengea na ndio wanaoyatunza. Akiisha kuyapata hayo, siku 7 za mshahara kwa mwaka hazitamfukuza.

Tutaambiwa pia kwamba gharama za miradi zitapanda. Tufikiri vizuri. Makandarasi wawili wanashindania kazi moja. Mmoja huwaandikia watu wake mikataba halali, huwalipia michango ya akiba ya uzeeni, huwapa kofia na viatu. Mwingine hukwepa yote hayo. Huyu wa pili atataja bei ndogo, naye atashinda. Amemshinda mwenzake kwa nini? Kwa ufundi? Kwa mashine bora? La hasha. Amemshinda kwa fedha aliyoikata katika posho za watu. Bei yake ndogo ni deni, na watakaolilipa ni wake na watoto wa vibarua, na baadaye ni Serikali yenyewe mtu huyo akizeeka bila akiba. Masharti yakiwa sawa kwa wote, mwajiri mwema ndiye atakayenufaika kwanza. Twashangaa kwamba vyama vya waajiri, ambavyo vina wanachama wengi waaminifu, havijawa mstari wa mbele kuyadai masharti haya. Sheria ikilegezwa, mwaminifu ndiye anayeachwa nyuma na mjanja.

Tutaambiwa mwisho kwamba mashauri ya kazi huchukua muda mrefu na kumpotezea mwajiri wakati. Hapo kuna ukweli. Lakini dawa yake ni kuongeza wasuluhishi na wakaguzi wa kazi, na kuwapa usafiri wa kufika kambini. Kumnyima mtu haki ya kushtaki ili foleni ya mashtaka ipungue ni kama kuvunja zahanati ili wagonjwa wapungue.

LA KUFANYA

Kwa hiyo Chama chetu kina mambo manne ya kuidai Serikali. Kwanza, ahadi ya mwaka 1962 iandikwe katika kila kandarasi ya reli, barabara, bandari na umeme, na hati ya mishahara iwe sharti la malipo. Pili, siku za mtu katika mradi mmoja zihesabiwe pamoja. Tatu, nafuu yoyote ya tozo itakayotolewa kwa waajiri wakubwa iwe na sharti la ajira na iwe na hesabu ya kusomwa hadharani. Nne, ombi lolote la kubadili sheria ya kazi lipite kwanza katika Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii, LESCO, ambamo Serikali, waajiri na wafanyakazi hukaa pamoja kwa mujibu wa sheria. Yatakayoamuliwa humo yatangazwe. Mambo ya mshahara wa watu yasiamuliwe penye meza ambayo wenye mshahara hawapo.

Lakini hatutaiachia Serikali peke yake, wala vyama vya wafanyakazi peke yao. Kila tawi letu lililo karibu na kambi ya ujenzi lina kazi ya kufanya kuanzia juma hili. Wajumbe wakutane na vibarua baada ya saa za kazi, wawaulize mambo matatu: Je, una mkataba wa maandishi? Je, wajua umeandikwa na kampuni gani hasa? Je, michango yako ya NSSF inafika? Asiye na karatasi asaidiwe kuidai, maana sheria yamtaka mwajiri ampe maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Aliyeachishwa isivyo haki aambiwe mapema kwamba ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi hupoteza haki kwa kungoja siku ya 31. Na kila mtu atunze vipande vyake vya malipo, hata vya juma moja, katika mfuko wa nailoni asilowe. Siku ya hesabu, karatasi ndiyo shahidi.

Nanyi vijana mlio kambini, twawaambia msichoke na msiharibu. Reli hiyo ni yenu. Anayeiba nyaya zake au kuvunja vioo vyake anajiibia mwenyewe na kuwapa maadui wenu la kusema. Daini kwa umoja, kwa sheria, na kwa karatasi mkononi.

Garimoshi la umeme sasa lafika Dodoma kwa muda mfupi ambao babu zetu wasingeuamini. Tunapolipanda tunajivuna, na haki yetu kujivuna. Lakini kila linapopita katika mahandaki ya Kilosa tukumbuke kwamba kuna mtu aliyekuwa humo kwanza, gizani, na koleo. Wenye mali wameomba reli, wakaipata. Sasa ni zamu ya aliyeijenga kuomba, nasi tutaomba pamoja naye mpaka apate.

Uhuru ni Kazi, na kazi ni yenye haki!